Siku samaki hawali: mwongozo kamili wa kuvua mlangoni mwa mto na kumtambua samaki usiyemjua

Picha zinazonifikia zinafanana. Samaki yumo kwenye sufuria, utumbo umeshatolewa, mapezi yamegandana na mwili, mwanga ni wa koroboi, na chini yake swali moja: "Kaka, huyu samaki gani?" Kwa picha hiyo hata mzee aliyezaliwa ndani ya ngarawa atakuambia ni samaki wa mchuzi, basi.

Kosa huanzia majini. Mtu anatoka siku maji yamelala, anakaa saa sita bila kuguswa, na anapompata samaki mmoja wa ajabu anamshika ovyo, anampiga picha moja ya haraka, kisha anaanza kuuliza majina. Hapa nakupangia siku nzima, tangu kuangalia mwezi mpaka kuandika daftari. Mfano wangu ni mlango wa Mto Pangani, kati ya mji wa Pangani na Bweni iliyo ng'ambo, kwa kuwa ndiko ninakovua. Hatua hizi hazibadiliki ukiwa Wami, Rufiji au Sabaki.

Vitu vya kuwa navyo

Vya kuvulia:
- Mshipi wa unene wa milimita 0.4 hadi 0.5, mita 50 hivi, umezungushwa kwenye kibao au chupa tupu ya plastiki.
- Ndoana ndogo na za kati. Madukani namba ikipanda ndoana inapungua, kwa hiyo usiagize kwa namba tu, itazame. Yenye upana wa ukucha wa kidole cha mwisho inatosha siku ngumu.
- Chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, tatu za uzito tofauti.
- Kamba wabichi wa chambo, na ngisi kidogo wa akiba.
- Koleo ya kuchomolea ndoana, kisu, na kitambaa kinene.

Vya kutambulia:
- Futi ya fundi cherehani au rula.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino ikilowa imekufa.
- Sinia nyeupe ya plastiki.
- Vijiti vya kuchokolea meno. Utaona kazi yake.
- Ndoo, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji.
- Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Si ya chai.

Na kabla ya yote, waulize BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, wa eneo unalokwenda kuhusu leseni na sehemu zilizofungwa. Ni mazungumzo ya dakika tano, tena ndipo utakapojua pia mamba ameonekana wapi wiki hii. Pangani wapo.

Hatua ya 1: Angalia mwezi jana yake

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa saa nne, yanapwa saa kumi, na hayaendi mbali.

Kwa nini ujali? Samaki wa mlango wa mto hula mkondo unapowaletea chakula. Bamvua likikolea, mkondo unaburuta chubwi na kukuletea majani ya mikoko kwenye mshipi. Maji mafu, chambo kinalala palepale kama kiatu. Mimi napenda siku za katikati, tatu au nne baada ya bamvua.

Ukilazimika kwenda maji mafu, usikae kutwa. Vua saa moja na nusu ya mwisho ya kujaa, pumzika maji yakisimama, kisha vua saa mbili za mwanzo za kupwa. Nje ya hapo unachoma ngozi tu.

Tahadhari: masika mto hushusha tope na magogo. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa mpaka baharini, samaki wengi wapenda chumvi wameshatoka na wewe utashinda na hongwe, samaki wa sharubu. Ahirisha.

Umefaulu hatua hii kama usiku, kabla ya kulala, unaweza kusema saa ya maji kujaa bila kumuuliza mtu.

Hatua ya 2: Tafuta mdomo wa kijito

Wageni hutupa mshipi katikati ya mto kwa sababu ndiko kwenye maji mengi. Samaki hawako huko, au wakiwako wanapita. Tafuta mahali kijito chembamba kinapotoka mikokoni na kumwaga mtoni. Maji yakijaa, kamba wadogo na vidagaa huingia ndani ya mizizi kujificha. Yakianza kupwa, wanalazimika kutoka kupitia mlango ule mmoja, na wenye meno wanajua.

Simama au tia nanga chini kidogo ya mdomo, upande mkondo unakoelekea, ili chambo chako kifike kama kilichotoka mikokoni chenyewe. Kaa mbali na njia ya kivuko. Ukiwa kwa miguu, usiingie kwenye tope linalopita kifundo cha mguu, na usisafishe samaki ukingoni ukiwa umeyapa maji mgongo.

Dalili ya mahali pazuri: mstari wa povu au majani unaoonyesha maji ya aina mbili yanapokutana, na vidagaa vinavyoruka ghafla pamoja.

Hatua ya 3: Funga mwepesi

Pitisha chubwi kwenye mshipi iwe inateleza, funga fundo la kuizuia, kisha acha nusu mita hadi ndoana. Chubwi inayoteleza inamruhusu samaki kuvuta chambo bila kuhisi uzito. Siku samaki wana njaa hilo halina maana. Siku ngumu ndilo tofauti ya kuguswa na kutoguswa.

Chubwi iwe nyepesi kuliko unavyodhani: ifike chini, halafu isogee kidogo kila mkondo unapoisukuma. Ikikaa kimya kabisa, ni nzito. Kamba mtoboe kuanzia mkiani ili akae amenyooka. Akizunguka kama feni, samaki hamtaki na mshipi unajikunja.

Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Hapa ndipo wengi hupotea. Dakika 20 zikipita kimya, wanabadilisha chambo, ndoana na mahali kwa mkupuo. Samaki akila, hawajui alipendezwa na nini.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza nasogeza chambo hatua tano hadi kumi. Baada ya dakika 20 nyingine napunguza uzito wa chubwi. Kisha napunguza ndoana. Chambo nakibadilisha mwisho kabisa, kwa sababu kamba mbichi karibu kila samaki wa hapa anamla, na kama hali, tatizo si kamba.

Soma chambo kinachorudi. Kimekatwakatwa na kubaki ganda? Ni kaa, nyanyua chambo kiasi cha shubiri kutoka chini. Kimenyonywa kikawa laini bila kukatwa? Ni samaki wa mdomo mdogo, pengine chaa, ambaye mdomo wake hutoka nje kama mrija. Tia ndoana ndogo. Kimerudi kizima? Hakuna mtu nyumbani, hama.

Siku ninayoichukulia mfano ilikuwa mwezi 8, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, maji mafu. Nilifika saa tatu, maji yakajaa saa nne, nikapata chaa mmoja mdogo na kaa waliokata ndoana mbili. Mzee mwenye mtumbwi jirani alikuwa amelala kofia usoni. Nilimwamkia nikipita, "Shikamoo mzee," akajibu kutoka chini ya kofia, "Marahaba mwanangu. Maji yamekufa, na wewe unayapiga." Saa tano na dakika arobaini, kwenye mdomo wa kijito, mshipi ukaenda mbio kuelekea kwenye mizizi. Akatoka samaki wa shubiri moja, hudhurungi, mwenye pau nyeupe nyeupe ubavuni. Sikumjua.

Hatua ya 5: Usimshike bado

Samaki usiyemjua mchukulie kuwa ana sumu, miiba au meno. Mshushe kwenye sinia akiwa bado kwenye ndoana, mfunike macho kwa kitambaa kilicholowa, na mtazame mambo haya kabla mkono haujamgusa.

Je, ana sharubu? Anaweza kuwa hongwe, mwenye mwiba wenye meno kama msumeno mgongoni na kila ubavu. Kama mkia wake haukugawanyika bali umeungana na pezi la mgongoni na la chini mpaka amekuwa kama mkunga, huyo ni kambare wa baharini wa aina nyingine, na miiba yake ina sumu kali zaidi. Kata mshipi.

Je, amebapa kama chapati na ana mkia kama mjeledi? Ni taa. Kata mshipi, mwache aende.

Je, anajijaza hewa au maji akawa mpira? Ni bunju. Nitamrudia.

Je, ni kama jiwe lenye mdomo? Usimguse hata kwa kiatu chepesi.

Mwaka juzi niliruka hatua hii kwa tasi mdogo niliyedhani namjua. Alinichoma kidole gumba, na maumivu yakapanda hadi kwapani kabla sijafika ufukweni. Ndiyo sababu ya ile chupa ya maji ya moto. Sumu ya miiba ya samaki wengi huharibika kwa joto: tumbukiza mahali palipochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45 na si zaidi, kwa dakika 30 hadi 90. Pima kwanza kwa mkono mzima, kwa kuwa ule uliochomwa hauhisi vizuri na utaunguza. Kisha nenda zahanati, hasa kipande cha mwiba kikibaki ndani.

Hatua ya 6: Piga picha tatu kabla rangi haijafa

Rangi ya samaki hubadilika ndani ya dakika chache baada ya kutoka majini. Pau zinafifia, madoa yanapotea, wekundu unageuka kijivu. Kwa hiyo picha kwanza.

Ya kwanza ni ubavu mzima, kichwa kushoto, juu ya sinia nyeupe, futi ikiwa kando. Nyanyua pezi la mgongoni na la chini kwa vijiti vya meno ili yafunguke kama feni. Ya pili ni kichwa kwa karibu, mdomo ukiwa wazi ili meno yaonekane. Ya tatu ni mkia na pale unapoungana na mwili.

Simama kivulini. Jua la saa sita huweka mng'aro mweupe juu ya magamba ukafuta kila kitu. Na mkono wako usiwe kwenye picha: mkono hufunika pezi la kifuani, nalo linahitajika.

Picha imefaa kama mtu asiyekuwepo anaweza kuhesabu miiba ya mgongoni kwa kuikuza kwenye simu.

Hatua ya 7: Hesabu, usikisie

Hii ndiyo hatua yenyewe. Rangi hudanganya, ukubwa hudanganya, jina hudanganya. Hesabu haidanganyi.

Pezi la mgongoni lina sehemu mbili. Mbele ni miiba migumu, imenyooka, inachoma. Nyuma ni nyuzi laini zinazopinda na kugawanyika nchani. Hesabu miiba peke yake na nyuzi peke yake ukitumia kijiti, kisha andika kwa mfano "10 na 13". Fanya mara mbili. Mwiba wa kwanza mara nyingi ni mfupi na umejificha ndani ya ngozi.

Halafu uliza maswali haya.

Pezi la mgongoni ni moja au mawili? Mkizi na mzia wana mawili yaliyoachana. Wa mkizi, la mbele lina miiba minne na mdomo ni mdogo. Wa mzia, lina mitano na mdomo umejaa visu.

Pezi la tumboni likoje? Ukiona mwiba mbele na mwiba mwingine nyuma, na nyuzi tatu laini katikati, umemshika tasi. Mgongoni atakuwa na miiba 13. Sijui alama iliyo wazi kuliko hiyo kwa samaki wa kwetu, na miiba yote ina sumu.

Mkia unapoanza pana msururu wa magamba magumu yanayokwaruza? Ni jamaa wa kolekole.

Shavu lina magamba? Pitisha ukucha chini ya jicho kuelekea nyuma. Shavu la changu ni utelezi mtupu. Hapa ndipo nilipoanza kumtambua yule samaki wangu, kwa maana kijana wa kwanza aliyepita alisema kwa sauti ya uhakika, "Changu huyo." Shavu lilikuwa na magamba. Si changu.

Wa pili, mama mmoja muuza samaki, alimtazama zile pau akasema, "Chewa mchanga, baba." Kifuniko cha matamvua cha chewa kina miiba mitatu bapa ukingoni, na mkia wake kwa kawaida ni wa duara kama upawa. Wangu hakuwa na miiba hiyo, na mkia ulikuwa umenyooka, na mbonyeo kidogo tu katikati. Si chewa.

Kilichobaki: meno mawili marefu mbele juu kama ya mbwa, miiba 10 mgongoni na nyuzi 13, mashavu yenye magamba, mstari mwembamba wa buluu chini ya jicho, na pau nane za weupe ubavuni. Huyo ni mtoto wa samaki mwekundu wa mikoko, ambaye wataalamu humwita Lutjanus argentimaculatus. Akikua pau zote hupotea, anakuwa mwekundu wa shaba na kuhamia kwenye miamba ya nje. Mtu aliyemzoea mkubwa sokoni hawezi kumtambua mdogo kwa rangi hata kidogo. Kwa hesabu, ni yuleyule.

Hatua ya 8: Uliza jina mwisho, na uliza la wapi

Sasa ndipo majina yanafaa. Samaki yule anayeitwa tasi Dar es Salaam, Mombasa ni tafi na Unguja ni chafi. Ukiandika "tafi" tu bila mahali, msomaji wa Kilwa atabishana nawe mpaka kesho, na nyote mko sawa. Andika jina, mahali, na nani kalisema: mvuvi, muuzaji, au mpita njia. Wa mwisho mpe uzito anaostahili.

Kama hesabu haifanani na samaki yeyote anayejulikana hapo, usimpasue. Mtie kwenye barafu akiwa mzima na uwapigie simu maofisa uvuvi wa wilaya. Mwaka 1938, karibu na mlango wa Mto Chalumna Afrika Kusini, meli ya uvuvi ilileta samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka: silikanti. Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho alimchora na kutuma mchoro kwa J.L.B. Smith, ndipo akatambuliwa, lakini viungo vya ndani vilikuwa vimeshatupwa. Si hadithi ya mbali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 silikanti wamenaswa kwenye majarife, zile nyavu kubwa za papa, hapa Tanga, na hifadhi ya bahari yenye jina lake inaanzia jirani na mlango huu. Huyo amelindwa, kama walivyo kasa na nguva.

Hatua ya 9: Sufuria, ndoo au maji

Kanuni yangu ni fupi: asiyekuwa na jina haingii jikoni.

Bunju hana nafasi ya majaribio. Ana meno manne yaliyoungana, mawili juu na mawili chini, kama mdomo wa kasuku, na ngozi isiyo na magamba ya kawaida. Pono naye ana mdomo wa kasuku, ila magamba yake ni makubwa na ya wazi, hivyo usiwachanganye. Sumu ya bunju imo zaidi kwenye ini, mayai na ngozi. Haifi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Aliyekula huanza kuhisi ganzi midomoni na ulimini, kisha mwili unalegea, mwisho pumzi inakata. Dawa ya kuiondoa hakuna. Hospitali humsaidia kupumua mpaka sumu iishe. Mkimbize mapema, msisubiri maziwa wala tui.

Anayerudi majini arudi na nguvu. Lowesha mikono, mshike chini ya tumbo, muelekeze kichwa kwenye mkondo, na usimwachie mpaka apige mkia mwenyewe. Kuanzia anapotoka hadi anaporudi usizidishe dakika mbili; ukihitaji muda zaidi wa kuhesabu, muweke kwenye ndoo ya maji ya hapohapo na uyabadilishe.

Wangu alikaa ndooni dakika sita kwa sababu ya ubishi wa changu na chewa, na alipoachiwa alirudi mikokoni kama aliyeitwa. Mzee akanyanyua kofia. "Kutwa nzima samaki mmoja, naye umemtupa?"

Daftari langu la siku hiyo linasomeka hivi:

"Mwezi 8. Maji mafu, yamejaa saa nne. Upepo kidogo, maji ya kijani. Mdomo wa kijito cha tatu upande wa Bweni, maji yakipwa, saa 5:40. Chambo kamba, ndoana ndogo, chubwi nyepesi. Samaki 1, sm 19. Mgongoni 10 na 13. Shavu lina magamba. Mstari wa buluu chini ya jicho. Pau 8. Kijana: changu. Mama muuzaji: chewa. Karudishwa. Chaa 1, kaliwa na mzee."